Watoto hufuata mwanga ulio karibu nao

Ndugu msomaji, kila Eid inapokaribia sisi wazazi wa mjini huulizwa na watoto swali lile lile: “Mwaka huu tunakwenda wapi?” Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa jepesi. Nguo mpya, pilau, kuzuru ndugu wawili watatu, jioni bembea na aiskrimu katika viwanja vya sikukuu, basi. Ikifika siku ya pili kila mtoto amekwishajikunja kwenye kochi na simu, na baba yao naye yuko kwenye kochi lake na simu yake. Sisemi kwamba bembea na aiskrimu ni makosa. Ninachosema ni kwamba mwaka 2019 nililijibu swali hilo kwa namna nyingine, na huko nilikokwenda nilipata somo ambalo ningependa tulizungumze leo. Nalizungumza kwa unyenyekevu, kwa sababu nililipata kwa aibu, mbele ya wanangu mwenyewe.

Marehemu mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mzaliwa wa Pangani, mkoa wa Tanga. Alikuja Dar es Salaam akiwa msichana na hapa ndipo alipozeekea. Miongoni mwa mambo aliyopenda kutusimulia ni kisiwa cha Maziwe, kilichoko baharini mbele ya pwani ya Pangani, ambako baba yake, mvuvi, aliwahi kumpeleka kwa ngalawa. Alisimulia mivinje mirefu iliyovuma kwa upepo, na wavuvi waliolala chini ya kivuli chake mchana. Nami nikawasimulia wanangu kama nilivyosimuliwa, ilhali sijawahi kufika. Basi mwaka ule binti yangu, aliyekuwa na miaka 11, akaniuliza: “Baba, hicho kisiwa cha bibi kipo kweli?” Nikamjibu kwa kujiamini kwamba kipo, na Eid hii tutakwenda kukiona.

Mpango wetu ulikuwa huu. Tungepiga kambi siku tatu Ushongo, kijiji cha ufukweni kilichoko kusini mwa mto Pangani, ambako wapo watu wanaokodisha mahema chini ya minazi. Kutoka hapo tungekwenda Maziwe kwa mashua, na wakati wa kurudi tungepita katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambayo mpaka wake wa kaskazini hauko mbali na hapo. Gari niliazima kwa shemeji yangu, lile la magurudumu manne, kwa kuwa njia za huko si za kubahatisha.

Njiani

Tuliondoka siku ya pili ya Eid, Alhamisi, baada ya swala ya Alfajiri. Mke wangu alikuwa amepanga vyakula katika makapu ya ukindu, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea, ile tuliyozoea kuiita rambo, ilikuwa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni, yaani siku tano tu kabla. Tulipita Bagamoyo, tukashika barabara ya Msata, kisha tukaelekea kaskazini hadi kwenye lile daraja jembamba la zamani la mto Wami, maana jipya lilikuwa bado linajengwa.

Hapo nikapunguza mwendo. Nikawaambia watoto: “Tazameni, huu ndio mto Wami. Unatoka huko kwenye milima ya Ukaguru na Nguru, na unakwenda kumwagikia baharini Saadani, huko huko tutakakopita Jumapili.” Hakuna aliyeinua kichwa. Mkubwa, wa miaka 13, alikuwa na visikizio masikioni. Binti na mdogo wake wa miaka minane walikuwa wanagombania simu ya mama yao. Nikakasirika, nikaanza kuwasema. Mke wangu akaniacha nimalize, kisha akasema kwa upole: “Baba watoto, na wewe tangu tutoke Bunju umepokea simu ngapi, tena huku unaendesha?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepokea nne.

Tukaendelea hadi Segera, tukakata kulia, tukapita Hale na kufika Muheza. Katika msikiti mmoja wa hapo tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja na kwa kufupisha. Yule mdogo alishangaa kuona rakaa nne zimekuwa mbili, na ikawa nafasi nzuri ya kumfundisha hukumu za msafiri kwa vitendo. Kutoka Muheza tukashika njia ya vumbi iliyopita katika mashamba ya mkonge, hadi Pangani mjini.

Pangani anaishi mama mdogo, mdogo wake marehemu mama. Tulikuta ameshatupikia wali wa nazi na samaki. Aliposikia kwamba tunakwenda kulala katika mahema aliweka bakuli chini akanitazama. “Nyumba ipo, vitanda vipo, nanyi mnakwenda kulala nje kama watu waliofukuzwa? Ama kweli mji umewaharibu!” Tulicheka, lakini maneno yake yalinigusa. Ni kweli kwamba watu wetu wengi huona kupiga kambi ni mchezo wa wageni wenye fedha za kuchezea. Nilimwahidi kwamba tutalala kwake siku moja wakati mwingine, naye akatupa nazi na mihogo ya kuchoma, ishara ya kwamba amesamehe.

Tulipokuwa tunasubiri kivuko cha kutupeleka ng'ambo ya Bweni, niliwaambia watoto kwamba maji wanayoyaona yanateremka kutoka Kilimanjaro na Meru. Nikawaambia pia kwamba katika mji huu, tarehe 15 Desemba 1889, Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani wa watu wa pwani dhidi yao. Mkubwa alitoa kisikizio kimoja. “Huyu ndiye wa kwenye kitabu cha historia?” Nikamwambia ndiye, na hapa ndipo. Akatazama mji ule wa zamani kwa muda kidogo, kisha kisikizio kikarudi. Ndugu msomaji, sikukata tamaa. Kisikizio kimoja si haba.

Kisiwa kisicho na miti

Tulifika kambini jioni. Jenereta ya pale iliwashwa kwa saa chache tu, na mtandao wa simu ulikuwa wa kuwinda. Usiku ule bahari ilivuma karibu sana na mahema, mpaka yule mdogo akahamia kwa mama yake. Asubuhi nahodha wa mashua alitueleza sababu. Hilali ile ile tuliyoitafuta angani ili tufungue ndiyo inayokuja na bamvua. Mwezi unapoandama, na pia unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja, na hapo maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu. Nimeishi mji wa bahari maisha yangu yote, nimefunga na kufungua kwa mwezi, lakini sikuwahi kuliunganisha jambo hilo na maji yanayonipitia Feri kila siku.

Tuliondoka na maji yanayopwa. Ushongo hadi Maziwe ni kiasi cha kilomita 8, na upepo wa kusi ulikuwa umekwishaanza, hivyo tulirushwa na kulowa. Mke wangu alikuwa ameshika nguo ya mdogo kwa mkono mmoja na ubao wa mashua kwa mkono wa pili. Mwisho nahodha akanyoosha kidole. Nikatazama, nikaona weupe juu ya maji. Nikasubiri kuona mivinje. Hapakuwa na mivinje. Tuliposhuka tulikuta fungu la mchanga mweupe safi, ndege wachache, na bahari pande zote. Hapakuwa na mti hata mmoja.

Binti yangu alizunguka kidogo kisha akaja kunishika mkono. “Baba, miti ya bibi iko wapi?”

Nahodha ndiye aliyemjibu. Kisiwa hiki kilikuwa na msitu kweli, na mwaka 1975 kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari, hasa kwa kuwa kilikuwa mahali mashuhuri pa kasa kutaga mayai. Lakini miti ilikatwa, na mchanga usioshikwa na mizizi ukaliwa na mawimbi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na kisiwa kikabaki fungu linaloonekana maji yakipwa na kuzama bamvua linapojaa. Wataalamu wanazo sababu nyingine wanazoziongeza juu ya hiyo ya kukata miti, lakini matokeo ni haya tuliyosimama juu yake. Marehemu mama hakutudanganya. Alisimulia kitu kilichokuwapo, nacho kilitoweka yeye akiwa hai, mjini, bila ya kupata habari.

Lililonigusa zaidi ni hili. Kasa bado wanakuja. Kasa jike anapokomaa, jambo linaloweza kuchukua miaka 25 au zaidi, hurudi kutaga katika ukanda ule ule alikozaliwa, na wataalamu wanaeleza kwamba huongozwa, pamoja na mengine, na nguvu ya sumaku ya dunia. Basi wako wanaorudi Maziwe, wanachimba mchanga, wanataga yapata mayai 100 au zaidi kwa mara moja, wanafukia, wanaondoka. Bamvua likija, mayai yanazama na kuoza. Ndiyo maana watu wa Ushongo walioelimishwa kazi hiyo hwenda kuyachukua mayai mapema na kuyafukia upya katika ufukwe wa kijiji, mahali maji hayafiki. Nahodha alitueleza kwamba ni kazi ya uangalifu. Saa chache tu baada ya kutagwa, kijusi hujishikiza kwenye ganda, na yai likigeuzwa chini juu hufa. Hivyo hulibeba kama lilivyolala, katika ndoo yenye mchanga.

Tuliwahi kurudi, tukaswali Ijumaa katika msikiti wa kijiji.

Simu yangu ufukweni

Jioni ile tuliambiwa kwamba kiota kimoja kinatarajiwa kupasuka. Kilifukiwa masika, siku sitini hivi zilizopita. Tuliswali Magharibi, tukaenda. Giza lilikuwa limekwisha kuingia na bahari imejaa. Mlinzi wa viota, mzee wa makamo ya baba yangu, alitupanga mistari miwili kama watu wanaompokea bwana harusi, katikati akaacha njia ya kwenda majini. Akatupa masharti mawili: mtu asiguse, na mtu asiwashe taa ya aina yoyote.

Mchanga ukaanza kucheza. Kikatoka kichwa kimoja, kisha vitano, kisha hesabu ikatupotea. Watoto wa kasa, kila mmoja anatosha kwenye kiganja cha mtoto, wanapigana na mchanga kwa mikono yao midogo. Yule mdogo wangu alitaka kumbeba mmoja aliyekuwa nyuma. Mzee akamzuia. “Mwache atembee mwenyewe, mjukuu wangu. Akibebwa, atajuaje kwao?” Kisha akatueleza kwamba hawa hawaoni bahari wala hawaijui. Wanachokijua ni kwamba usiku, upande wenye mwanga ndio upande wa maji, kwa sababu anga la juu ya bahari huwa na weupe kuliko giza la miti ya nchi kavu. Hawana mwalimu mwingine.

Ndugu msomaji, nilimsikia vizuri. Nilikuwa nimesimama pale pale. Lakini nikasema moyoni kwamba jambo hili nisipolirekodi hakuna atakayeniamini, na sekunde mbili tatu haziwezi kudhuru. Nikatoa simu, nikabonyeza, na taa yake ikawaka.

Watoto wa kasa waliokuwa karibu nami waligeuka. Hawakusita hata kidogo. Waliipa mgongo bahari wakaja kwenye viatu vyangu, wanne au watano, kwa bidii ile ile waliyokuwa wakiendea maji. Mzee alikuja akaifunika simu yangu kwa kiganja chake. Hakupaza sauti. “Zima, mwanangu. Wanakufuata wewe.”

Nikazima. Giza lilipotulia wakaanza kugeuka tena, mmoja mmoja, kuelekea kunakostahili. Mmoja hakupata nafasi hiyo. Kaa alikuwa amemnasa pembeni, nje ya ile njia, na alipomvuta kwenye shimo lake yule mdogo wangu alikuwa anatazama.

Tulirudi kambini kimya. Nilipolala, mtoto akanong'ona gizani: “Baba, yule aliyechukuliwa na kaa, ni mmoja wa wale waliokufuata wewe?” Ningeweza kumwambia kwamba sijui. Lakini nilikuwa nimeona, naye alikuwa ameona. Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza, kisha akasema: “Basi kesho umwombe radhi yule babu.” Asubuhi nilikwenda kumwomba radhi. Mzee alinisikiliza, akaniambia kwamba hukadiriwa kuwa katika watoto wa kasa elfu moja, pengine mmoja ndiye anayefikia utu uzima. “Kaa naye ana riziki yake, simlaumu. Lakini kaa tunaye tayari, na ndege yupo, na papa yupo. Wewe usiwe wa nne.”

Saadani

Jumamosi watoto walishinda baharini, na kwa hiari yao wakaokota takataka zilizoletwa na maji: chupa, ndala zisizo na wenzake, mifuko ya rambo iliyochakaa. Katazo la tarehe 1 Juni lilizuia mifuko mipya. La kuondoa ile ya zamani lilibaki kwa wenye mikono.

Jumapili tulishika njia ya kusini tukaingia Saadani. Hii ndiyo hifadhi ya taifa ya upande wa Bara ambamo wanyama wa mbugani wanafika hadi ufukwe wa Bahari ya Hindi. Ina kiasi cha kilomita za mraba 1,100, na ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, baada ya kuunganisha pori la akiba la zamani na maeneo ya jirani, likiwemo lililokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja. Ndani yake wamo tembo, simba, twiga, nyati na kongoni, viboko na mamba katika mto Wami, na kasa katika ufukwe wake wa Madete. Sisi simba hatukumwona, na sitamzulia. Tuliona twiga, ngiri, nyani na tohe wengi, na watoto waliridhika.

Langoni nilitarajia gharama ya kunitoa jasho. Kumbe raia wa Afrika Mashariki hutozwa kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni wa mbali. Askari wa langoni alituuliza tumetoka wapi, na aliposikia ni familia ya Dar es Salaam iliyokuja kutembea tu, alitutazama mara ya pili. Hilo ni jambo la kujiuliza. Saadani si nchi ya wageni. Ni bandari ya kale ya watu wetu, mji wa Bwana Heri, aliyeendelea kupambana na Wajerumani hadi mwaka 1890, na hadi leo kijiji cha Saadani kipo, na wavuvi wake wanavua. Kama watoto wetu wanaijua Serengeti kwa televisheni na Saadani hawajapata kuisikia, kosa si la televisheni.

Tulitokea Mandera jioni, na muda si mrefu tukawa tena juu ya daraja la Wami. Safari hii sikusema neno. Binti akasema mwenyewe: “Huu ndio ule wa viboko.” Vichwa viwili kati ya vitatu viliinuka. Wa tatu alikuwa amelala.

Tufanye nini?

Msomaji anaweza kusema kwamba hii ni hadithi ya mtu mwenye shemeji mwenye gari. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Lakini hebu tupige hesabu ya nguo za mara moja, za vinywaji na za viwanja vya kuchezea kwa siku tatu za Eid, kisha tugawane gari familia mbili, tubebe chakula chetu, tulale kwenye hema. Asiyeweza Pangani anaweza Kaole au Mbegani kwa basi la Bagamoyo, kwenda na kurudi siku moja. Jambo la msingi ni mtoto akutane na kitu kisichozimwa kwa kitufe.

Kwa atakayejaliwa kwenda, nina nasaha chache za aliyekosea. Kwanza, epuka masika, kwa kuwa njia za huko huharibika, na uliza habari za bamvua kabla ya kupanga siku ya Maziwe. Pili, chukua vyandarua na maji ya kunywa ya kutosha, na ulichokwenda nacho kirudi nacho, hasa plastiki. Tatu, ukimkuta kasa, kaa mbali na uzime taa. Mayai yake si ya kuchukuliwa, na sheria za nchi zinakataza kumuua. Suala la kuliwa kwake kidini nawaachia masheikh, lakini la kiafya liko wazi: baadhi ya kasa huwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mwezi Machi mwaka 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama yake. Msiba kama huo ulikuwa umekwishatokea Pemba mwaka 2021.

Nne, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tunalalamika sana kwamba watoto wa siku hizi wamepotoshwa na simu. Tunalisema kwenye vikao na baada ya swala, kisha tunatoa simu zetu mfukoni kabla hatujavaa viatu. Nilichokiona Ushongo ni kwamba mtoto haendi kwenye mwanga ulio bora. Huenda kwenye mwanga ulio karibu. Wale watoto wa kasa hawakuwa waasi walipoiacha bahari. Walikuwa wanafanya kile kile walichoumbwa kufanya, na aliyekosea ni mtu mzima aliyesimama karibu nao akiwa na taa mkononi, huku ameshaonywa.

Tangu tuliporudi, nyumbani kwetu kuna kapu. Ni moja la yale ya ukindu tuliyokwenda nayo. Kati ya Magharibi na Isha simu zote huingia humo, ya baba ikiwa ya kwanza. Sitadai kwamba tumefaulu kila siku. Zipo siku za kazi nyingi ambapo nimejisahau, na yule mdogo, ambaye sasa si mdogo tena, huninyooshea kapu bila kusema kitu, au husema maneno mawili tu: “Wanakufuata wewe.”

Wabillahi tawfiq.